Mwanafunzi Si Jalala la Vitu Vibovu

Pasta aliyetutembelea hapa Tunda Jumapili iliyopita alihubiri vizuri, mpaka alipofika kwenye unyenyekevu. Hapo akawageukia vijana. Anayeanza kazi, alisema, aanze na kifaa cha bei rahisi. Akishaijua kazi ndipo atafute cha maana. Kanisa zima likaitika amina. Wazee wawili wa benchi la mbele wakageuza shingo kumtazama mpwa wangu, maana hapa kila mtu anajua kijana huyo anatafuta nini: mashine ya kung'arisha mawe.

Mimi sikuitika. Nimekaa na hasira wiki nzima, na sasa naitoa.

Kwanza, kijana hana wazimu. Maniema, mkoa wetu hapa Kongo, imelala juu ya kwatzi. Kule Kalima, ambako kasiteriti, madini ya bati, imechimbwa tangu enzi za Wabelgiji, madini hayo hukaa ndani ya mishipa ya kwatzi. Mchimbaji huchukua kile cheusi kizito, cheupe hukiacha kwenye rundo. Hicho kilichoachwa, kikisagwa taratibu hadi kilainike na kung'aa, ni kidani cha kuuza Kindu au Goma. Wazo ni zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwa watu wazima. Kilichobaki ni mashine, na hapo ndipo kila mwenye mdomo amekuwa fundi. Papa, mnunulie ile ya watoto! Ile ya plastiki, yenye picha za mawe ya rangi kwenye katoni! Akiiweza, mtamtafutia kubwa.

Wanaosema hivyo hawajui hata inavyofanya kazi. Ni pipa dogo linalolazwa juu ya fito mbili zinazozunguka. Ndani mnaingia mawe, maji na mchanga wa kusagia, kifuniko kinafungwa, mota inazungusha. Mchanga wenyewe ni silikoni kabidi, aliyoipata Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891 akihangaika na tanuru la umeme. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs unapita 9, na kwatzi ni 7, kwa hiyo jiwe halina ujanja. Unaanza na mchanga wa chembe kubwa, unafuata wa kati, halafu laini, mwisho poda ya kung'arishia. Kila hatua huchukua kama wiki moja, ukizungusha usiku na mchana bila kuzima. Wiki nne ni saa 672.

Sasa sikilizeni, maana nina hoja moja tu na nitaipiga mpaka iingie.

Mwezi umekwisha, kijana anafungua pipa, mawe yametoka na ukungu. Kwa nini? Labda hakuosha vizuri, chembe za mchanga mkubwa zikabaki na kukwaruza kila kitu. Labda pipa halikujaa theluthi mbili, mawe yakawa yanaangukiana badala ya kusuguana. Labda alichanganya jiwe gumu na laini. Au labda mota ilipata moto saa tisa za usiku, ikapunguza mwendo, na pipa likawa linayumba tu mpaka asubuhi. Fundi wa miaka kumi kazini husikia kwa sikio pipa linapokwenda vibaya. Kijana anayeanza hasikii kitu. Akiwa na mashine nzuri, anajua kosa ni lake, analitafuta, analirekebisha. Akiwa na mashine mbovu hajui alaumu mkono wake au mota, na mtu asiyejua amekosea wapi hajifunzi chochote. Anahitimisha kwamba hana kipaji, basi.

Kifaa kibovu mpeni fundi! Yeye atakifunga kwa waya, atakiegemeza kwa kijiti, na kazi itatoka. Ninyi mnakipeleka kwa yule mmoja asiyeweza kukimudu, kisha mnaita hilo unyenyekevu. Ndivyo tunavyomfundisha mtoto kuendesha baiskeli isiyo na breki, na ile yenye breki anapewa kaka yake ambaye ameshajua kusimama.

Na si mawe tu. Angalieni shule zetu. Darasa la kwanza, penye watoto mia wasiojua kushika kalamu, hupewa mwalimu aliyeajiriwa jana. Mwalimu aliyebobea yuko darasa la sita, kwa sababu huko kuna mtihani wa serikali na jina la shule. Nimelisema hili kwenye mikutano ya wazazi mpaka wamechoka kunipa nafasi ya kuzungumza.

Turudi kwenye pipa. Jirani mmoja aliniambia kwa uso wa mtu aliyefikiri kwamba cha bei rahisi kikiharibika, hasara ni ndogo. Hasara ndogo! Huyu bwana amesahau anakaa wapi. Mzigo hautufikii kwa kupiga mluzi. Unakuja kwa ndege mpaka Kindu, ambako kila kilo inalipiwa, au unapanda reli kutoka Lubumbashi, ambayo kipande chake cha Kongolo hadi Kindu kilijengwa enzi za Wabelgiji na hakijajifunza haraka tangu wakati huo. Kisha barabara ya Kibombo, ambayo sitaielezea kwa kuwa nimekwisha kukasirika vya kutosha. Mizani ya uwanja wa ndege haiulizi kama mashine ni nzuri au mbovu. Kilo tatu za takataka zinalipa sawasawa na kilo tatu za chuma cha kudumu. Takataka zikifa, unalipa nauli mara ya pili. Hiyo ndiyo rahisi yenu.

Mwingine akasema wahenga walisugua shanga kwa mchanga na maji, bila mota. Alikuwa akiniambia hayo kwa simu.

Halafu yuko yule aliyetoka Kolwezi na kipande cha malakiti mfukoni, anamshauri kijana akitumbukize pipani pamoja na kwatzi ili apate rangi. Malakiti haizidi 4 kwenye kipimo cha Mohs. Ndani ya pipa la kwatzi itatafunwa mpaka ibaki tope la kijani, na tope hilo lina shaba, si la kuchezea mahali wanapocheza watoto wala kumwaga karibu na kisima. Pipa moja, mawe ya ugumu mmoja.

Basi kijana anunue nini? Pipa la mpira mzito, maana la plastiki hupiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, na majirani zetu wana mapanga. Liwe la kubeba kilo moja na nusu hivi. Kubwa zaidi litameza mchanga wa kusagia asioweza kuununua tena. Mkanda uwe wa kubadilishika, na wa akiba uje kwenye katoni hiyohiyo. Mataa na saa za kuhesabu siku awaachie wenye watoto wa kubembeleza.

Zaidi ya yote, asome kibandiko cha mota kabla ya kutoa dola. Mashine nyingi zinazosifiwa zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani: volti 110 hadi 120, hezi 60. Umeme wa Kongo ni volti 220, hezi 50. Ukiichomeka hivihivi, mota inaungua. Ukiweka transfoma, volti zinashuka lakini hezi zinabaki zilezile, na pipa litazunguka pole kwa karibu sehemu moja ya sita. Na kwa kuwa huku tunategemea sola, ahesabu betri kabla ya kuhesabu vidani. Akipata umeme wa saa 8 kwa siku, zile saa 672 zinakuwa siku 84. Mota itakayostahimili kuwashwa na kuzimwa siku 84 mfululizo haitoki kwenye katoni yenye picha za mawe ya rangi.

Itagharimu, ndiyo. Mpwa wangu ameanza kuweka akiba, nami nitaongeza. Wazee wawili wa benchi la mbele, wakishikilia kwamba aanze na ile ya watoto, waje na franga za nauli ya ndege. Mara mbili.