Neno la Mhariri: Turufu ni Uru

Jioni moja Katoro, nyuma ya karasha lililonyamaza kwa kukatika umeme, vijana wanne walikuwa wakicheza karata juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mmoja, mtoto wa Tanga aliyefuata rashi ya Geita, vumbi la mawe bado limemganda kwenye kope, aliibamiza karata yake: “Turufu uru!” Mimi nilikuwa pembeni na simu, nimekwama kwenye somo la Kireno la kuomba meza ya dirishani katika mkahawa wa Lisbon. Zilipita karata mbili ndipo nikashtuka. Uru ni ouro, na ouro ni dhahabu. Kijana kashinda duarani kutwa akiitafuta kwa Kiswahili, jioni anaibamiza kwenye ndoo kwa Kireno.

Karata hiyohiyo Waingereza huiita almasi. Ukanda huu tunavyo vyote viwili: dhahabu ya Geita, na almasi ya Mwadui, Shinyanga, aliyoivumbua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Brazili nao wana jimbo la namna hiyo, Minas Gerais, jina ambalo lenyewe linataja migodi. Mji mmoja ni Ouro Preto, dhahabu nyeusi. Mwingine Diamantina, wa almasi. Msukuma akitua huko hatababaika kujua watu wanaishi kwa nini.

Toleo hili tumelitenga kwa safari na lugha, na upande wangu nautangaza mapema: anayejifunza Kireno akiwa Geita au Kahama asianzie Lisbon. Aanzie ng’ambo ya Ruvuma.

Si kwamba Lisbon haituhusu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa kodi ya dhahabu kwa vitisho vya mizinga. Dhahabu hiyo (si ya Geita, tusijipe, Kilwa iliipata Sofala, kutoka nyanda za Zimbabwe) ilifuliwa ikawa chombo cha kuonyeshea Ekaristi, Custódia de Belém, kazi ya Gil Vicente ya mwaka 1506. Kipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho jijini Lisbon. Siku nitakayofika nitakwenda kukitazama kabla ya kuomba meza yoyote ya dirishani.

Ila Kireno cha jirani zetu hakifanani na cha kwenye simu yangu. Msumbiji, shamba huitwa machamba. Ni mashamba yetu haya haya, yamevuka mto yakavaa herufi za Kireno. Kozi yangu haijawahi kulitaja neno hilo; imenifundisha quinta, kana kwamba nina mpango wa kurithi zabibu. Daladala ya huko ni chapa, kitenge ni capulana, na mchimbaji mdogo, kama ilivyo Brazili, ni garimpeiro. Pwani ya Cabo Delgado, Ibo na Mocímboa da Praia, watu wana Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Tangu Oktoba 2017 vita imeifanya safari ya huko iwe ya kuuliza kwanza, kwa hiyo simwambii mtu afunge begi kesho. Ilha de Moçambique, kusini zaidi, inatosha kwa kuanzia.

Agosti 2019 SADC, ikikutana Dar es Salaam, ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Tukapiga makofi. Sijaona bado tukikimbilia kuwaelewa wenzetu tulioketi nao, na hata hiyo meza tuliyoketia jina lake ni la kwao.

Waliotutangulia ni wana-apolo. Rubi zilipoonekana Namanhumbir, Montepuez, mwaka 2009, Watanzania waliokwenda hawakusubiri kozi. Mmoja wa waliorudi ana kibanda cha chipsi hatua chache kutoka lile karasha. Neno lake la kwanza la Kireno, aliniambia, lilikuwa documento, maana ndilo askari walilomuuliza kila kona. La pili quanto, kwa wanunuzi wa mawe. La tatu amanhã, kwa wanunuzi wale wale siku ya kulipwa. Sarufi hana, lakini kwa maneno hayo matatu alikula, alilala na alirudi.

Jioni ile nilimwendea nikiwa nimejiandaa. Nikamtolea sentensi yangu nzima, na puani niliipitisha inavyotakiwa: “Queria uma mesa junto à janela.”

Aliligeukia turubai lililokuwa ukuta wa mashariki, kisha lile la magharibi.

“Dirisha unaliona wapi hapa, mwalimu?” Akavuta ndoo, akaipindua, akaifuta kwa kiganja. “Senta, mano. Mayai mawili au matatu?”