Jalizi Niliyoitupa

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma matatu, na sababu ni barua pepe moja. Mtu nisiyemjua aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama bado naishughulikia programu-jalizi niliyoitoa bure miaka kadhaa iliyopita. Mradi wa kazini kwake ulikuwa umekataa kujengeka, na kosa lilitoka kwangu. Kusema kweli nilikuwa nimeisahau.

Kwa wageni wa mambo haya, nieleze kidogo. Kiunzi cha hifadhidata ni msimbo ulioandikwa tayari, unaoiwezesha programu yako kusoma na kuandika kwenye majedwali bila wewe kutunga kila amri ya SQL. Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ndiyo iliyotufungulia mlango wengi wetu tulioandika Java. Zana ya kujenga, kama Ant, Maven au Gradle, hukusanya faili zako, ikazitafsiri na kuzifunga ziwe programu moja. Jalizi huunganisha hivi viwili: unatoa amri moja, nayo inafungua hifadhidata, inasoma majedwali na kukuandikia klasi za Java kabla kazi ya kutafsiri haijaanza.

Mara nyingi wenye kiunzi hawaiandiki wao. Huandikwa na mtu wa pembeni aliyechoka kufanya kazi hiyo kwa mkono. Hibernate ilikuwa na zana zake za Ant; waliotumia Maven walihudumiwa na watu wa kujitolea wa mradi wa Mojo, uliokuwa Codehaus, waliotoa hibernate3-maven-plugin. Tazama hiyo 3 kwenye jina. Hibernate 4 ilipotoka Desemba 2011, mtu mwingine kabisa ndiye aliyejitolea kuandika hibernate4-maven-plugin, kando. Codehaus yenyewe ilifungwa mwaka 2015, na Mojo ikahamia GitHub kwa jina la MojoHaus. Waliotumia jOOQ na Gradle nao walitegemea jalizi ya mtu wa nje kwa miaka. Ya wenyewe jOOQ ilikuja na toleo la 3.19, mwishoni mwa 2023.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watakaonuna. Wenye viunzi hupokea jalizi hizi kwa kusema asante, wakaweka kiungo kwenye maelekezo yao rasmi, basi. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mkishaitaja kwenye maelekezo yenu, msomaji huiona ni yenu. Iingizeni kwenye hazina yenu ya msimbo, ijaribiwe kabla ya kila toleo, au andikeni waziwazi kwamba hamna dhamana nayo.

Ulezi wenyewe ni mgumu kwa sababu jalizi ina mabwana wawili, na kila mmoja anahama kwa wakati wake. Yangu iliharibika bila kiunzi kubadilika hata kidogo. Gradle 8.1, Aprili 2023, ilitangaza kwamba akiba ya usanidi iko tayari kwa matumizi ya kila siku: Gradle inakumbuka mpangilio wa kazi ili isiuandae upya kila mara. Sharti ni kwamba kazi ikishaanza kutekelezwa isiguse tena kitu kinachoitwa Project. Yangu ilikigusa kila mahali. Aliyewasha akiba hiyo alipokelewa na makosa ukurasa mzima.

Tatizo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Gradle huruka kazi isiyo na jipya kwa kulinganisha faili zinazoingia na zinazotoka. Lakini hifadhidata si faili! Ukiongeza safu kwenye jedwali, Gradle haioni kitu. Inasema hakuna kilichobadilika, nawe unabaki na klasi za jana. Ukiilazimisha ifanye kazi kila mara, watu wanalalamika kwamba ujenzi umekuwa mzito. Jalizi niliiandika wikendi moja, na jambo hili peke yake likanila mwezi. Mwishowe niliona heri ihesabu faili za SQL zinazobadilisha muundo wa majedwali, maana hizo inaweza kuziona. (Dereva wa JDBC hata sitaki kumzungumzia. Ukimweka kwenye programu yako, jalizi haimwoni, lazima umtaje tena kwenye usanidi wake. Nusu ya maswali niliyoletewa yalikuwa hayo.)

Wenye viunzi watasema hawawezi kuzijua zana zote. Ni kweli, Hibernate yenyewe imejengwa kwa Ant, kisha Maven, kisha Gradle. Lakini si lazima wazijue zote. Jaribio moja linaloijenga programu ndogo kwa jalizi hiyo kabla ya kutoa toleo lingenasa mengi, na aliyejitolea angejua mapema badala ya kuambiwa na mtu aliyekwama kazini.

Nasi tunaojitolea tusijifanye malaika. Niliiandika jalizi kwa sababu niliihitaji, naam, lakini pia nilitaka jina. Niliiweka kwenye wasifu wa kuombea kazi, ikaniletea mahojiano mawili. Kazi ilipopatikana nikaitupa, bila hata kuandika sentensi moja kwamba nimeondoka. Kumbuka jalizi hiyo inaendeshwa kwenye mashine ya mtu, ikiwa na nenosiri la hifadhidata yake.

Hapo ndipo penye hofu. Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejipatia imani ya mtunzaji wa xz, kwa takriban miaka miwili ya kusaidia, alikuwa ameficha mlango wa siri ndani ya programu hiyo. Mtunzaji aliyechoka humkaribisha yeyote anayebisha hodi.

Yule mwenye barua pepe nimemjibu, na sehemu ya Project nimeirekebisha. Nimewauliza wenye kiunzi kama wataichukua jalizi. Bado wako kimya. Juu ya ukurasa wake nimeandika kwamba natafuta mwenzangu wa kuitunza. Kama unaijua Gradle na una jioni moja kwa juma, niandikie. Funguo za kutolea matoleo sitakupa mwaka huu, usikasirike.