Watu wazima wanaopoteza usikivu wasisahauliwe

Tangu mwaka 2017 upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu unafanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kabla ya hapo Mtanzania aliyeuhitaji alipelekwa India, au alibaki nyumbani na uziwi wake. Waliofaidika zaidi na huduma hii ni watoto wadogo, na wanastahili: mtoto aliyezaliwa hasikii ana miaka michache tu ya kujifunza kusema. Hatuombi mtoto yeyote arudishwe nyuma kwenye foleni. Tunamsemea mtu ambaye hayumo kabisa kwenye foleni hiyo, na pengine hajui kama ipo. Ni mtu mzima aliyekuwa akisikia vizuri, na sasa usikivu wake unapungua mwaka hadi mwaka.

Mnamjua. Ni mwalimu anayekaribia kustaafu, ambaye wanafunzi wa nyuma wameshagundua kwamba hawasikii. Ni fundi aliyesimama kando ya mashine ya kusaga nusu ya umri wake. Ni mama lishe anayepokea oda ya wali akaleta ugali. Ni mzee anayepewa shikamoo barazani asiitikie, vijana wakapita wakisema siku hizi ana majivuno. Na huko nyumbani wanasema anasikia akitaka.

Kauli hiyo inaumiza, na si kweli. Kwa watu wengi usikivu huanza kupotea kwenye sauti nyembamba. Irabu zetu, a, e, i, o na u, ni nzito na zina nguvu, kwa hiyo hubaki. Konsonanti kama s, f, sh, k na p ni hafifu, nazo hutangulia kutoweka. Kiswahili kina irabu karibu kila silaba, hivyo mtu huyu anasikia mwendo wa sentensi nzima. Anajua umemsemesha, anajua umeuliza swali, ila hajui umesema pika, fika, shika au zika. Akiwa na wewe peke yenu chumbani, uso wako ukiwa kwenye mwanga, anakisia na mara nyingi anapatia. Redio ikiwashwa, au watu watatu wakianza kuongea kwa pamoja, anapotea. Ndiyo sababu asubuhi alikusikia na jioni hakukusikia. Hakuna alichokuwa akichagua.

Kukisia kutwa nzima kunachosha kuliko kulima. Wengi huanza kwa kucheka pale wenzao wanapocheka. Baadaye wanaacha kwenda kwenye vikao, harusi na jumuiya, simu wanampa mjukuu apokee, na familia inazoea kuamua mambo bila wao. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet, tangu ripoti yake ya mwaka 2017, imeutaja upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba masikio ya mzee ni jambo dogo.

Pa kuanzia ni kupimwa. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyoziba, au usaha, au ngoma ya sikio iliyotoboka, na hayo yana tiba ya kawaida. Kuchokonoa kwa njiti na kumimina mafuta ya moto sikioni huongeza madhara. Tatizo likiwa ndani zaidi, kwenye koklea, ile sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, chanzo huweza kuwa umri, kelele za kazini, urithi au dawa. Sindano za kanamaisini zilizotumika kutibu kifua kikuu sugu ziliwaacha wengi na uziwi wa kudumu, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliacha kuzipendekeza. Homa ya uti wa mgongo nayo ni chanzo, na hii ina haraka yake: baada ya ugonjwa huo koklea huweza kujaa mfupa, wakati mwingine ndani ya wiki chache, na ikishajaa upandikizaji huwa mgumu. Mgonjwa aliyepona homa hiyo apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, au mara tu baada ya hapo.

Kwa walio wengi jibu ni shimesikio, kile kifaa kidogo kinachovaliwa ili kukuza sauti. Kikichaguliwa na kurekebishwa na mtaalamu kwa kufuata vipimo vya mhusika, kinasaidia sana. Kile cha kununua mtandaoni bila kupimwa humpigia mtu kelele tu, kikaishia kabatini.

Lakini shimesikio lina kikomo. Ndani ya koklea kuna chembe zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme kwa ajili ya neva. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zikishakufa nyingi mno, kuongeza sauti hakuongezi maneno. Hapo ndipo kipandikizi kinapohusika. Sehemu ya nje, inayokaa nyuma ya sikio, hunasa sauti kwa maikrofoni, huichambua, kisha huipitisha kwenye ngozi hadi kwenye kipokezi kilichozikwa chini yake. Kutoka hapo uzi mwembamba ulioingizwa kwenye koklea huichokoza neva moja kwa moja, bila kuzihitaji zile chembe zilizokufa.

Historia ya kifaa hiki ina jambo ambalo wapangaji wetu wa afya walikumbuke. Kilianza na watu wazima. Watafiti Djourno na Eyriès walimjaribia mtu mzima huko Paris mwaka 1957. Ingeborg na Erwin Hochmair mjini Vienna, na Graeme Clark mjini Melbourne, walifungua njia ya vifaa vya kisasa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mamlaka za Marekani ziliidhinisha kifaa cha kwanza mwaka 1984, kwa watu wazima. Idhini kwa watoto ilikuja mwaka 1990. Mtu mzima aliyepoteza usikivu akiwa tayari ana lugha ana hazina ya maneno kichwani. Ubongo wake hauanzi kujifunza Kiswahili upya. Unajifunza kuyatambua maneno unayoyajua katika sauti mpya.

Na sauti hiyo ni mpya kweli. Anayefikiria upasuaji huu aambiwe mapema kwamba hatatoka chumba cha upasuaji akisikia. Kifaa huwashwa baada ya wiki kadhaa, kidonda kikishapona. Siku za kwanza wengi husikia miluzi, mlio wa bati, au sauti kama ya mashine inayoongea. Kisha hufuata miezi ya mazoezi: kusomewa gazeti na mtu wa nyumbani huku macho yakifuata mistari, kusikiliza taarifa ya habari, kurudi kliniki mara kwa mara ili programu ya kifaa irekebishwe. Maneno huja taratibu. Muziki ni mgumu zaidi, na kwa wengine haurudi ulivyokuwa. Mahali penye kelele bado pataleta shida. Usikivu mdogo uliosalia kwenye sikio linalopasuliwa unaweza kupotea, kizunguzungu huweza kutokea, neva ya uso iliyo karibu huweza kudhurika, na chanjo ya kukinga homa ya uti wa mgongo ni ya lazima. Usiku, sehemu ya nje ikivuliwa, sikio hilo halisikii kitu. Mgonjwa ayajue yote haya kabla ya kutia saini, kwa lugha anayoielewa, na kwa maandishi, kwa kuwa ni mtu asiyesikia vizuri tunayezungumza naye.

Kosa tunaloliona zaidi ni kungoja. Mgonjwa anaambiwa, "bado unasikia kidogo, subiri kwanza." Wakati mwingine anajiambia hivyo mwenyewe. Kusikia geti likigongwa hakutoshi kuwa kipimo. Swali ni hili: akiwa amevaa shimesikio lililorekebishwa vizuri, anayapata maneno mangapi kati ya anayotajiwa? Kipimo hicho kifanywe kwa maneno ya Kiswahili, kwa Mswahili, na si kwa maneno ya lugha aliyoiacha darasani. Akishindwa mengi, ni wakati wa kujadili upandikizaji hata kama bado anasikia honi barabarani. Neva iliyokaa miaka mingi bila sauti huitikia vibaya zaidi, na kila mwaka unaopita bure unapunguza faida ambayo angeipata.

Tunasisitiza pia kwamba hakuna wa kulazimishwa. Wapo viziwi ambao Lugha ya Alama ndiyo lugha yao, wamesoma kwayo, wameoa na kulea kwayo, na hawaoni pengo ambalo chuma kichwani kingeliziba. Waheshimiwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka Lugha ya Alama ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, nasi hatuoni kwa nini ofisi za umma popote zishindwe kuweka wakalimani. Hata mtu mzima aliyepoteza usikivu juzi atanufaika na alama chache pamoja na familia yake.

Familia hiyo ina kazi ambayo haihitaji bajeti. Mguse mtu bega kabla ya kumsemesha. Kaa kwenye mwanga, usifunike mdomo. Zima redio. Asipoelewa, sema kwa maneno mengine badala ya kurudia yale yale kwa kupayuka, maana kupayuka huvuruga sauti na humdhalilisha mtu mbele za watu. Na neno "basi, achana nayo" lisisemwe tena katika nyumba hiyo. Benki, hospitali na ofisi za Serikali zinazoita watu kwa majina kupitia dirisha la kioo ziandike namba mahali panapoonekana. Wapo waliokaa kwenye benchi hadi jioni kwa sababu jina lao liliitwa asubuhi.

Sasa fedha. Kipandikizi hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi, na gharama haziishi siku ya upasuaji. Sehemu ya nje huchakaa na kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Nyaya hukatika, betri huisha nguvu, unyevu wa pwani huharibu maikrofoni, na umeme ukikatika siku mbili mfululizo mwenye betri ya kuchaji anarudi kwenye ukimya. Anayeishi Kigoma au Songea analipa nauli na malazi kila anapokwenda Dar es Salaam kurekebishiwa programu. Kifaa ambacho mwenye nacho hawezi kukitunza hakimsaidii, hata kama upasuaji ulikwenda vizuri.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunataka kitita chake kitaje shimesikio na kipandikizi kwa watu wazima kama kwa watoto, pamoja na betri, vipuri, marekebisho na sehemu ya nje inayochakaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma za usikivu, na kwamba watafika milioni 700 ifikapo 2050. Shirika hilo linashauri watu wazima waanze kupimwa wakifika miaka 50. Kila hospitali ya wilaya inampima mtu huyo presha na sukari. Iwe na mashine ya kupimia usikivu, chumba kisicho na kelele, na mhudumu aliyefunzwa kuitumia na kumwandikia rufaa anayestahili. Muhimbili nayo, pamoja na hospitali za Bugando na KCMC, zipange jinsi mtaalamu atakavyorekebisha kifaa cha mgonjwa wa mkoani kupitia intaneti, huku mgonjwa akiwa amekaa na muuguzi wa hospitali ya karibu, jambo ambalo teknolojia ya sasa inaliwezesha. Bajeti ijayo ya Wizara ya Afya ioneshe fungu la kazi hiyo kwa jina lake, ili wabunge waulize limetumikaje.