Shubiri si ya kunywesha mbwa

Ndugu wanachama, tunasikia wenzetu wengine wanawanywesha mbwa maji ya shubiri, eti kutoa minyoo. Hapo tunapinga. Mtu mwenyewe kuionja hawezi, mbwa anashikwa kwa nguvu! Ule utomvu wa njano chini ya ganda ndio mbaya: mbwa akiumeza anatapika na kuhara mpaka maji yanamwisha mwilini. Ute wa ndani, ukishaoshwa vizuri, haya, paka kwenye mchubuko mdogo, ila angalia asilambe. Minyoo na upele mwulize bwana mifugo. Kichaa cha mbwa ndiyo kabisa, kinga yake ni chanjo. Mbwa wakitufia, nani atafukuza nguruwe usiku mahindi yakikomaa? Mwenye shubiri yake?