Mchujo wa Ligi Kuu: Mlango Ambao Kanda ya Ziwa Tumeugonga Mara Sita Haukufunguka

 

Msimu wa 2024/25 ulipoisha na Kagera Sugar ikashuka daraja, nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa Kashozi. Tulikaa kimya kama msibani. Karibu miaka 20 Ligi Kuu, halafu basi. Mzee mmoja aliyekaa mbele akaweka kikombe chake cha kahawa chini akasema, "Waitu, msilie. Mwaka unaofuata hata tukikosa mbili za juu, kuna mchujo. Tutapita hapo." Watu wakaitikia, mimi pia nikaitikia.

Baadaye nikajiuliza, hivi huo mchujo nani amewahi kupita? Nikaingia kafe pale mjini, nikalipia saa mbili, nikaanza kuchambua matokeo ya misimu iliyopita moja moja kwenye daftari. Nilichokikuta ndo hiki nawaletea, kwa sababu kila msimu ukikaribia mwisho maneno ya mchujo yanaanza tena vijiweni, na wengi wetu tunaongea kwa imani tu.

Kwanza tuelewane mchujo wenyewe ukoje, maana kuna watu bado wanachanganya. Ligi Kuu ilipopunguzwa kuwa timu 16 msimu wa 2021/22, utaratibu uliotumika ni huu: wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanacheza wenyewe kwa wenyewe, nyumbani na ugenini. Anayeshinda anabaki. Anayeshindwa hajafa bado, anapewa nafasi ya mwisho: anakutana na timu kutoka Championship. Huko chini nako wawili wa juu wanapanda bila maneno, wa tatu na wa nne wanachapana, mshindi ndiye anayekuja kupambana na yule majeruhi wa Ligi Kuu. Kagera Sugar 2025 hawakufika hata huko, walimaliza wa 15. KenGold wa 16. Safari.

Sisi wa Kagera mchujo tunaujua, lakini tunaujua kutokea juu. Wengi mnakumbuka 2019. Timu ilikuwa ya Mecky Maxime, na ule msimu tulikuwa na vituko kweli. Aprili tulimfunga Simba 2-1 Kaitaba, Simba huyohuyo aliyechukua ubingwa. Na mwaka mmoja kabla, Mei 2018, tulimharibia sherehe Uwanja wa Taifa, 1-0, Rais Magufuli akiwa jukwaani kuja kukabidhi kombe. Hiyo ndo Kagera Sugar, Wanankurukumbi bwana, tunafunga wakubwa halafu tunafungwa na wale tusiowahofia. Juni 2019 tukajikuta kwenye mchujo na Pamba ya Mwanza. Mechi ya kwanza Nyamagana 0-0. Marudiano Kaitaba tukashinda 2-0, watu wakarudi nyumbani wakiimba.

Sasa siku ile sisi tulikuwa tunashangilia, hakuna aliyemfikiria Pamba. Pamba alikuwa nje ya Ligi Kuu tangu 2001. Alikaribia kabisa, dakika 90 tu zilibaki, akafia mikononi mwetu. Leo ukikaa kwenye kiti cha Pamba ndo unaona mchujo ni mnyama wa aina gani.

Daftari langu linasema hivi. Kuanzia 2019 hadi 2025, timu ya daraja la chini imekutana na timu ya Ligi Kuu kwenye mchujo wa mwisho mara 10. Imepanda mara mbili tu. Mbili! Ihefu mwaka 2020 walipomtoa Mbao, na Mashujaa wa Kigoma mwaka 2023 walipomtoa Mbeya City. Wengine wote wanane walirudi walikotoka.

Na hapa ndo panaponiuma. Hesabu wanane hao ni akina nani. Geita 2019 dhidi ya Mwadui, hakupita. Pamba 2019 dhidi yetu, hakupita. Geita tena 2020 dhidi ya Mbeya City, hola. Pamba tena 2021 dhidi ya Coastal Union, hola. Biashara United ya Musoma 2024 dhidi ya Tabora United, hola. Stand United ya Shinyanga 2025 dhidi ya Fountain Gate, walipigwa nje ndani, jumla 5-1. Hao sita wote ni wa Kanda ya Ziwa. Waliobaki ni Transit Camp waliotolewa na Mtibwa 2021 na JKT Tanzania waliotolewa na Prisons 2022. Yaani kanda yetu imegonga mlango huu mara sita ndani ya miaka saba na haujafunguka hata mara moja. Na Mbao, aliyefunguliwa mlango wa kutokea mwaka 2020, naye ni wa Mwanza. Aisee.

Kuna watakaosema ni kamati ya ufundi, wenzetu wana wataalamu wao. Mimi hayo sibishani nayo, kila mtu na imani yake. Lakini kabla ya kwenda kwa mganga tuangalie matokeo, kwa sababu yana mchoro unaojirudia mpaka unatisha.

Katika hizo 10, nimepata saba ambazo timu ya chini ilianzia nyumbani. Angalia walichopata nyumbani. Geita 0-0 na Mwadui, kule wakafungwa 2-1. Pamba 0-0 na sisi, kule 2-0. Geita 1-1 na Mbeya City, kule 1-0. Pamba 2-2 na Coastal, kule Mkwakwani 3-1. Biashara angalau alishinda, 1-0 pale Musoma, akaenda Tabora akala 2-0. Sasa angalia waliopanda. Ihefu nyumbani alishinda 2-0. Mashujaa nyumbani, uwanja wa Lake Tanganyika, alishinda 3-1.

Umeona? Wawili waliopanda ndo wawili pekee waliotoka nyumbani wakiwa mbele kwa mabao mawili. Wote waliotoka na sare au bao moja waliliwa. Hakuna aliyechomoka.

Na hayo mabao mawili sio utajiri, ni nauli tu ya kukufikisha. Ihefu alifika CCM Kirumba akala 4-2. Nne! Jumla ikawa 4-4, akapona kwa mabao ya ugenini, yale mawili aliyoyafunga Mwanza. Angefunga moja tu kule leo tungeongea mengine. Mashujaa yeye alifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu sana: alienda Sokoine na mtaji wake wa 3-1, hakujifungia nyuma akisubiri filimbi, akashinda na hapo 1-0. Jumla 4-1. Mbeya City, timu iliyokuwa na mashabiki wengi kuliko timu nyingi za mikoani, ikashukia kwenye uwanja wake.

Niwape kisa kimoja cha kwangu. Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa kipa wa akiba wa shule, kipa mkubwa akaumwa malaria nikaingia. Tulicheza na shule jirani nyumbani na kule kwao. Nyumbani tukatoka 1-1. Sisi tulifurahi sana, tukasema tumewazuia wakubwa. Tuliporudiana kwao ndo nikaelewa. Wao walikuja wametulia, wanajua hata 0-0 inawatosha kwa bao la ugenini. Sisi ndo tulikuwa tunakimbia. Dakika ya 60 miguu imekwisha, nikaokota mpira nyavuni mara tatu. Sare ya nyumbani ilikuwa imeshatufunga kabla hatujapanda Hiace.

Sasa kwa nini hawa wa juu, ambao wamemaliza ligi vibaya, wamefungwa ovyo msimu mzima, wanawazidi wa chini ambao wanakuja na moto? Mimi naona pesa kwanza. Mwaka 2021 TFF na Azam walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Timu ya Ligi Kuu hata ikiwa ya 14 imeonja hayo. Imelala hotelini ugenini, ina daktari, ina wachezaji wa akiba ambao wangekuwa mastaa Championship. Timu ya chini mara nyingi ina kumi na moja wazuri na mmoja mmoja wa kubadilisha. Mechi moja unaweza kumvimbia mtu. Mechi mbili ndani ya siku chache, na safari ya basi katikati, upana wa kikosi ndo unaongea.

Pili, ratiba ya mchujo wenyewe. Timu ya Championship inakuja ikiwa tayari imetoka kuchapana na jirani yake wa tatu au wa nne. Wa juu naye ametoka kufungwa mchujo wa kwanza, sawa, ana kidonda. Mimi nilidhani hicho kidonda ndo kitawamaliza. Lakini katika misimu minne ya utaratibu huu, 2022 hadi 2025, ni Mbeya City peke yake aliyekufa, baada ya kutoka kupigwa na KMC. Prisons alifungwa na Mtibwa akasimama. Tabora United alifungwa na JKT Tanzania akasimama. Fountain Gate alifungwa na Prisons akasimama. Inaonekana mtu aliyechungulia kaburi anacheza tofauti.

Tatu, na hili halipendezi kusikika, timu zetu huwa zinacheza mechi ya nyumbani kwa woga wa kufungwa bao la ugenini. Geita 0-0, Pamba 0-0. Makocha wanasema "tusiruhusu", halafu wanasahau kufunga.

Kwa hiyo ukikaa kutazama mkondo wa kwanza wa mchujo wowote unaokuja, timu ya chini ikiwa nyumbani, usiangalie nani anamiliki mpira. Angalia dakika ya 70. Kama ni 1-0 na kocha anaingiza beki kulinda, mimi nakwambia hiyo timu haipandi, weka soda mezani tubishane. Kama ni 1-0 na kocha anaingiza mshambuliaji wa pili, hapo kaa vizuri kwenye benchi.

Na kwa timu yetu, na timu yoyote ya kanda hii itakayojikuta chini, jibu langu kwa yule mzee wa kahawa ni kwamba mchujo usiwe mpango. Pamba mwenyewe alishatufundisha. Alikwama kwa mchujo 2019, akakwama 2021, na 2023 akatolewa na Mashujaa kabla hata ya kufika hatua ya mwisho. Mwaka 2024 akamaliza ndani ya wawili wa juu na akapanda bila kumuomba mtu, baada ya miaka 23. Geita naye, mara mbili mchujo ukamkataa, 2021 akapanda moja kwa moja. JKT Tanzania akakataliwa 2022, 2023 akapanda moja kwa moja. Yaani waliokataliwa na mchujo kisha wakapita mlango mkubwa ni watatu. Waliopita kwa mchujo ni wawili.

Maana yake pointi zinazopotea Novemba kwenye uwanja wa vumbi mbele ya watu mia mbili, mechi ambayo haionyeshwi popote na hata sisi tunasikia matokeo kesho yake, hizo ndo zinazoamua. Sio Juni. Lakini Novemba nani anaenda uwanjani? Kaitaba ina nyasi bandia nzuri na ipo katikati ya mji, ila Ligi Kuu ikiondoka utaona majukwaa yanavyopauka. Mkoa wa watu karibu milioni tatu kwa sensa ya 2022! Bodaboda wa Kashozi walikuwa wanapata vichwa siku ya Simba na Yanga, mama wa chipsi nje ya geti anauza mpaka mafuta yanaisha, na dogo mwenye kipaji wa Muleba anaonwa na watu wa Dar bila kupanda basi kwenda kulala kwa ndugu asiyemjua. Hivyo vyote vinakwenda na daraja.

Nshomile tunapenda kujisifia kusoma. Basi tusome na msimamo wa ligi mapema, kabla ya Pasaka.

Nimeishia hapo, muda wangu wa kafe nao unakatika. Mwenye matokeo ya ule mchujo wa Transit Camp na Mtibwa mkondo kwa mkondo aweke hapo chini niongeze kwenye daftari. Maoni ruksa, matusi peleka kwenu.