Mkono bado unaendesha ile ya zamani



Juma hili ninawaletea habari ya mdogo wangu. Siku za kazi anabeba abiria, siku ya yenga anashindana na rafiki zake kwenye uwanja wa udongo. Miaka mitatu aliendesha pikipiki ya 125, kisha akanunua ya 250. Siku ya kwanza tu ya mbio akaanguka kwenye kona, bega likateguka. Mama yetu akalia: “Uza kitu hicho!”

Mimi nilimwuliza kama ninavyowauliza wanafunzi: kosa limetoka wapi? Akajibu: “Yaya, mkono wangu bado ulikuwa unaendesha ile ya zamani.”

Alisema kweli. Pikipiki hii ni nzito, nguvu yake inakuja ghafla, freni inashika haraka. Bega lilipopona, akarudi uwanjani peke yake, polepole. Siku moja alijifunza freni tu, siku nyingine kona tu. Mbio zilizofuata alimaliza wa tano, akarudi nyumbani mzima. Jioni hiyo mama alipika sombe.

Wamama, kijana akileta pikipiki mpya, tusianze na makelele. Tumwulize: Ukikaa, miguu inafika chini? Freni umeijaribu? Pine mpya zinateleza, unajua? Kofia iko wapi? Na mpaka mkono wake uizoee, asipakize mtoto yeyote.

Tuonane juma lijalo.