Chombo Kilicholala Hakikupumzika

Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa mwezi wa Machi, katika viwanja vya nyasi vilivyo nje ya miji ya Ujerumani huonekana watu, wazee kwa vijana, wakishusha mabawa madogo kutoka katika magari yao. Hao ni warushaji wa ndege za mfano, ndege zenye mabawa ya upana wa mita moja hadi tatu hivi, ambazo huongozwa kutoka ardhini kwa mawimbi ya redio. Wengi wao huwa wamezifungia ndege hizo ndani tangu mwezi wa Novemba, kwa sababu ya theluji, ukungu na ufupi wa mchana. Jua la kwanza la majira ya machipuko linapotoka, kila mmoja huwa na hamu kubwa ya kuiona ndege yake angani tena.

Niliishi miongoni mwa watu hao kwa miaka minne, nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari. Katika makala haya napenda kueleza jambo moja nililojifunza kwao, ambalo naamini linatuhusu hata sisi ambao theluji tunaisikia tu. Nalo ni hili: chombo kilichowekwa bila kutumiwa hakikupumzika. Kinaendelea kubadilika, na mtu anayekirudia kwa imani ya jana hujiweka yeye na wenzake hatarini.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Ndege yangu ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 2. Iliruka vizuri mwezi wa Oktoba, nami nikaiweka juu ya kabati. Mwezi wa Aprili niliichaji betri ya kipokezi, yaani kile chombo kilichomo ndani ya ndege kinachopokea amri za rubani. Ilikuwa betri ya seli 4 za nikeli, kila moja ya volti 1.2. Niliipima kwa mita, mita ikaonyesha kwamba betri imejaa. Mzee mmoja wa klabu, fundi mitambo mstaafu, aliniuliza kama nimeipima ikiwa inafanya kazi. Nilimjibu kwamba namba nimekwisha kuiona.

Ndege ilipaa. Katika mzunguko wa tatu niliigeuza kwa nguvu, na mota ndogo nne zinazosukuma vibao vya mabawa na mkia zikadai umeme kwa pamoja. Seli moja, iliyodhoofika katika miezi mitano ya kukaa bure, haikuweza kuutoa. Volti zilishuka, kipokezi kikazimika, kisha kikaanza kujiwasha upya. Kwa sekunde hizo chache ndege haikuwa na mwenyewe. Iliinama, ikaielekea njia ya waendao kwa miguu, ikajikita ardhini hatua kumi kutoka mahali alipokuwa mama mmoja akisukuma kigari cha mtoto.

Msomaji anayedhani hiki ni kioja cha mchezo tu, na apige hesabu. Kitu cha kilo 2 kinachokwenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde kina nishati ya jouli 400. Ni sawa na jiwe la kilo 2 lililodondoshwa kutoka urefu wa mita 20, yaani kutoka ghorofa ya sita hivi. Mama yule hakunitukana. Alimfunika mwanawe vizuri, akaenda zake. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi, na mikono yangu ilitetemeka kwa muda mrefu.

Mita haikuwa imenidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza swali lisilotosha. Kuipima betri isiyofanya kazi ni kama kumpima mtu nguvu akiwa amelala kitandani. Jaribio la kweli lilikuwa kuzichezesha mota zote kwa pamoja pale chini, na kutazama volti zinashuka kiasi gani. Lingenichukua dakika mbili.

Jioni ile yule mzee alinisaidia kuokota vipande. Hakunisimanga. Aliniambia tu: "Kijana, ndege utajifunza kuikagua. Lakini rubani naye alilala majira yote ya baridi. Yeye nani atamkagua?" Nililielewa neno lake baadaye. Ndege inapokuja kukuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako. Aliyezoea haihitaji akili yake kufikiri. Mkono hujua wenyewe. Lakini ujuzi huo wa mkono hufifia usipotumiwa, tena hufifia bila kutoa taarifa. Ndiyo sababu warushaji wenye busara huanza msimu kwa ndege nyepesi, ya mwendo wa pole, huku mwenzao akisimama kando yao, na ndege wanayoipenda zaidi huisubirisha.

Tangu siku ile nimejitahidi kujua yanayotokea katika miezi ya kimya. Betri za lithiamu, ambazo sasa ndizo zitumikazo zaidi, huchakaa upesi zikiwekwa zikiwa zimejaa kabisa kwa volti 4.2 kwa kila seli. Hukaa salama zaidi zikiachwa kwenye volti 3.8 hivi, na huharibika zikiachwa zishuke chini ya volti 3. Mbao ya balsa, nyepesi kama ilivyo, hunywa unyevu na kupinda, na bawa lililopinda kidogo tu huivuta ndege upande mmoja. Mipira inayofunga bawa hupasuka. Panya hutafuna nyaya. Tena kumbukumbu ya transmita huweza kuwa imebaki kwenye mipango ya ndege nyingine, hata ukiamuru kulia, ndege ikaenda kushoto. Hakuna hata moja kati ya haya linalopiga kelele.

Niliporudi nyumbani nilikuja na orodha ya ukaguzi ya Wajerumani mfukoni, nikadhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Huku Dar es Salaam hatuna majira ya theluji. Kinachotufungia ndege zetu ndani ni masika, kuanzia Machi hadi Mei. Orodha yangu ilinionya juu ya kuchaji betri ya lithiamu kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, lakini haikusema neno juu ya stoo yenye joto la nyuzi 32, ambamo betri iliyojaa huzeeka upesi. Haikutaja chumvi ya bahari inayokula shaba, wala ukungu, wala mchwa. Hata hewa yenyewe si ile. Mita moja ya ujazo ya hewa ya usawa wa bahari ina uzito wa kilo 1.29 kwenye nyuzi 0, na kilo 1.16 kwenye nyuzi 30. Pungufu hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi, na nguvu ya kuinyanyua ndege hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Ndege ile ile huhitaji kwenda kasi zaidi, kwa asilimia 5 hivi, ili ibebwe kama ilivyobebwa kule. Anayenakili orodha bila kuuliza sababu ya kila mstari atakuwa amebeba karatasi tu. Elimu ameiacha kule kule.

Kwa kweli sikuhitaji kusafiri mbali kulipata wazo hili. Nahodha wa jahazi wa pwani yetu analijua tangu zamani. Chombo kikikaa pwani muda mrefu, mbao hukauka na kusinyaa, na nafasi kati yake hufunguka. Nahodha hakishushi baharini kwa sababu mwaka jana kilifika Lamu salama. Hukikalafati kwanza, akajaza pamba iliyolowa mafuta katika nyufa, ndipo akakitia majini na kutazama kinaingiza maji kiasi gani. Huo ni utafiti wa kisayansi, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Mwaka huu, baada ya masika, wanafunzi wangu walikuwa tayari kuionyesha ndege waliyoiunda wenyewe. Kibali kilikuwa kimepatikana na wageni walikuwa wamealikwa. Asubuhi ile tulifanya jaribio la masafa: transmita hupunguzwa nguvu, mtu mmoja huondoka nayo hatua 30, na mwenzake hutazama kama vibao vya ndege bado vinatii. Kwenye hatua ya kumi na nane vibao vilianza kutikisika ovyo. "Mwalimu, wageni wameshaketi," aliniambia kiongozi wa kundi, "na mwezi wa Februari iliruka bila tatizo." Nilikataa. Ndege haikuruka, wageni waliondoka, na wenzangu wawili walisema nimeitia idara aibu. Alasiri tulifungua ndege, tukakuta kutu ya kijani kwenye plagi ya kipokezi.

Najua kwamba wapo watakaosema hii ni michezo ya wenye fedha, na kwamba nchi ina mambo mazito zaidi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mwaka 1871 Alphonse Pénaud alirusha mjini Paris kindege kilichoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Mwaka 1878 watoto wawili wa Marekani walipewa na baba yao kidude cha kuruka kilichofuata ubunifu wa huyo huyo Pénaud. Watoto hao ni Wilbur na Orville Wright. Na tangu mwaka 2016, nchini Rwanda, ndege ndogo zisizo na rubani ndani yake zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali za mbali. Anayejifunza kuikagua ndege ya kilo 2 anajifunza kazi ambayo kesho maisha ya mgonjwa yataitegemea.

Tena jambo hili haliishii kwenye ndege. Katika maabara nyingi za shule na vyuo vyetu, hadubini iliyofunikwa kwa kitambaa na kufungiwa kabatini huhesabiwa kuwa imetunzwa, huku ukungu ukiota juu ya lenzi zake. Jenereta ya zahanati isiyowashwa kwa miezi sita huandikwa katika vitabu kuwa nzima. Tunahesabu vifaa, hatuvijaribu.

Basi maoni yangu ni matatu. Kwanza, kila kifaa kiwe na kadi inayoonyesha siku kilipojaribiwa mwisho kikiwa kinafanya kazi, si siku kilipohesabiwa. Pili, kila baada ya likizo ndefu siku ya kwanza ya maabara iwe ya ukaguzi, na wanafunzi ndio waufanye, wakieleza sababu ya kila hatua. Tatu, mwalimu naye akubali kukaguliwa: arudie jaribio mbele ya mwenzake kabla ya kulionyesha darasani. Hakuna katika haya linalohitaji fedha za kigeni.

Ndege ya wanafunzi wangu iliruka wiki mbili baadaye. Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Kiongozi wa kundi ndiye aliyetembea hatua 30 na transmita mkononi. Alipofika akarudi, akatembea tena mara ya pili bila kuambiwa na mtu.